Rafiki Aliyekuja na Muhuri

Nilipewa rafiki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa barua yenye muhuri.

Aliyenipa barua hiyo ni afisa ustawi wa wafanyakazi, mama mmoja mwenye sauti laini kama pamba ya kufungia vidonda, aliyeletwa hospitalini kwetu mwaka huo. Aliponiita ofisini kwake nilidhani nimekosea hesabu ya mashuka, nikaenda na daftari langu. Akaniambia niweke daftari chini, nipumue, hakuna aliyenikasirikia. Mimi nilikuwa napumua vizuri tu.

"Tumeanzisha mpango," akasema. "Unaitwa Mkono kwa Mkono. Kila mfanyakazi mwenye hali kama yako atapata rafiki."

"Nina rafiki," nikasema.

Akatabasamu, akanisukumia barua. Ilisema kwamba kuanzia wiki ile, kila siku ya kazi, saa saba mchana hadi saa nane kasorobo, nitakula kantini pamoja na dada wa mapokezi, ambaye amejitolea kuwa rafiki yangu kwa muda wa miezi sita. Chini kulikuwa na sahihi tatu: ya afisa mwenyewe, ya dada wa mapokezi, na ya dada yangu mkubwa, kwenye mstari ulioandikwa "mlezi".

Nina miaka thelathini na minne.

Mimi ni mshonaji katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Mashuka yakichanika, foronya zikifumuka, makoti ya madaktari yakipoteza vifungo, vyote vinaletwa kwangu. Wenzangu wananiita Sindano. Mwanzoni waliniita Roboti, nikawaambia roboti hashoni, wakabadilisha. Miaka mitatu iliyopita daktari mmoja wa hapo hapo alinikalisha siku mbili, akaniuliza maswali mia na kitu, akaniambia nina usonji. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na mmoja nikidhani mimi ni mtu wa kawaida asiyejitahidi.

Kosa langu lilikuwa kumwambia dada.

Mama alipofariki, dada alinirithi kama kabati: kitu kizito, cha familia, hakitupwi, lazima kitafutiwe kona. Naishi kwake yeye na shemeji. Najifulia, najipikia, naamka kabla yao. Lakini tangu siku ile ya daktari, dada alianza kusema nami polepole, neno moja moja, kama anayemwelekeza mgeni njia. Wageni wakija anawaeleza habari zangu mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, na wao wanamuuliza yeye kama nanywa chai.

Rafiki niliyekuwa naye anaitwa Fundi. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mabega mapana, kucha nyeusi kwa grisi, anayetengeneza kila kinachozunguka katika hospitali ile, kuanzia mashine za kufulia mpaka magurudumu ya vitanda. Tulijuana kwa sababu ya mashine ya kukaushia namba tatu. Ilikuwa na sauti. Kila mzunguko wa nne, nyuma upande wa kulia, kitu kama mtu anakwangua ukoko kwa kijiko. Nilimwambia msimamizi wetu mara tatu, akanijibu nivae vifunika masikio vyangu niache kutafuta matatizo. Fundi alipokuja kubadilisha mkanda wa mashine nyingine nikamwambia na yeye, nikijua atacheka. Hakucheka. Alilaza sikio kwenye bati la moto, akahesabu kwa vidole, akasema, "Nyuma kulia. Beringi." Akafungua, akanionyesha chuma kilicholika. Halafu akanisimulia habari za beringi tangu zilipoanza kutengenezwa, dakika hamsini nzima, bila kuuliza kama nina nafasi. Nilikuwa nayo.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunakula pamoja nyuma ya boila, tangi la kuchemshia maji, kwenye makreti mawili yaliyopinduliwa, tukitazama mabomba. Hatukutazamana. Fundi hapendi kutazamwa akila, mimi sipendi kutazamwa kabisa. Siku moja ilikuwa zamu yake kuzungumza, siku inayofuata yangu. Zake zilikuwa za mashine na namna vitu vinavyochakaa. Zangu zilikuwa za nyuzi na vitambaa, upi unavumilia maji ya moto na upi unajifanya. Siku nyingine hakuna aliyekuwa na neno, tukala kimya, na siku hiyo pia ilikuwa siku. Akimaliza kula alinyanyuka na kuondoka bila kuaga. Nilipenda hilo kuliko salamu zote nilizowahi kupewa.

Fundi hana karatasi ya daktari. "Mimi nina kelele tu kichwani," husema. "Redio tano kwa pamoja, na hakuna hata moja inayotaja saa." Husahau kula. Hutafuta spana aliyoishika mkononi. Amepoteza simu sita, akaacha kununua. Lakini katika miaka minne hajasahau hata siku moja kwamba sipendi kuguswa mgongoni.

Ndiyo maana, nikiwa na barua ile mkononi, niliuliza, "Na Fundi?"

Afisa akainamisha kichwa upande. "Fundi amehamishiwa jengo jipya kwa muda, kazi ni nyingi. Na tena, sikutaka kukuumiza, lakini ameomba nafasi kidogo. Anaona mmezoeana mno. Anaona haya kukwambia mwenyewe."

Nikaamini.

Watu wengi hawaelewi sehemu hii. Wananiuliza, sasa kwa nini hukwenda kumuuliza? Mimi nikiambiwa kitu naamini, kwa sababu mimi nikisema kitu huwa ndivyo kilivyo. Na tangu shule nimeambiwa kwamba nang'ang'ania watu, kwamba sijui kusoma dalili za aliyechoka. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka nafasi, nampa yote. Nilirudi kwenye cherehani yangu, nikashona mfuko wa koti la daktari ukafungika kabisa, juu hadi chini, na sikugundua mpaka akaurudisha.

Dada wa mapokezi alikuwa mchangamfu. Sina la kumsema zaidi ya hapo kwa siku za mwanzo. Alinisubiri mlangoni mwa kantini, akanishika mgongoni, akanipeleka meza ya katikati ili, alivyosema, tuonekane. Kantini yetu ina viti vya chuma na sakafu ya vigae. Mtu mmoja akivuta kiti, meno yangu yanauma. Pale huvutwa viti mia kwa wakati mmoja, na televisheni juu yake, na vijiko. Alinikataza kuvaa vifunika masikio kwa sababu vinajenga ukuta.

"Unapenda rangi gani?" aliuliza. "Wikendi ulifanya nini? Niangalie machoni, mpenzi."

Nilijitahidi. Nilimwangalia machoni na kwa sababu hiyo sikusikia alichosema. Nilimweleza tofauti ya uzi wa pamba na uzi wa plastiki ukichemshwa, nikaona anatazama simu chini ya meza. Kila Ijumaa alikuwa na jalada la kijani na kalamu, anaandika andika. Nilidhani ni kazi zake za mapokezi.

Wiki ya tatu akaja mpiga picha. Dada wa mapokezi akanizungushia mkono shingoni, mpiga picha akasema nitabasamu, nikaonyesha meno. Baada ya siku nne bango likapachikwa juu ya mlango wa chumba cha kufulia: sisi wawili, wakubwa kama milango, na maneno chini yake, HAKUNA TENA ALIYE PEKE YAKE. Kila asubuhi nilipita chini ya meno yangu mwenyewe.

Dada yangu alilipiga picha lile bango akairusha kwenye kundi la familia. Shangazi zangu wakaandika hongera kana kwamba nimejifungua. "Unaona?" dada aliniambia. "Unaona ulivyo mzuri ukichangamka?" Usiku ule sikula. Mchana wa siku ile pia nilikuwa sijala, kantini sikuwahi kuweza kumeza kitu. Nilikuwa nimepungua mpaka sketi zangu nazikunja kiunoni. Dada alisema napendeza.

Wiki ya sita, Ijumaa, simu ya dada wa mapokezi ikalia, akanyanyuka kwenda kuzungumza nje. Jalada la kijani likabaki mezani limeelekea kwangu. Juu yake kulikuwa na jina langu, majina yote matatu. Kitu chenye jina langu nakisoma.

Wiki ya kwanza: mshiriki alitabasamu mara mbili. Wiki ya pili: mshiriki alitazama machoni kwa sekunde tatu. Wiki ya tatu: mshiriki bado anazungumzia nyuzi, ameelekezwa mada nyingine. Wiki ya nne: mshiriki alivumilia kuguswa. Nilifungua ukurasa wa mwanzo kabisa, ambao ulikuwa mwandiko wa afisa, mwandiko wa duara duara. Iliandikwa hivi, nanukuu kwa sababu niliikariri bila kutaka:

"Ili mshiriki afungukie mahusiano mapya, ukaribu wake na fundi umesitishwa. Fundi ameambiwa kwamba mshiriki ndiye aliyeomba. Mshiriki ameambiwa hivyo hivyo kuhusu fundi. Familia inaunga mkono."

Hasira yangu haiji mara moja kama ya watu wengine. Inaanza miguuni. Vidole vinakuwa baridi, halafu kila kitu kinakuwa wazi mno, naona hata mikwaruzo ya kijiko. Nilifunga jalada. Nililiweka sambamba na ukingo wa meza. Dada wa mapokezi alirudi akiwa anacheka na simu yake, akanikuta nimesimama.

"Unakwenda wapi? Bado dakika ishirini."

"Kwa rafiki yangu," nikasema.

Jengo jipya lina chumba cha pampu chini kabisa, unashuka ngazi mbili. Fundi alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa ndani ya pampu, miguu nje. Nilivijua viatu vyake, kimoja kina kamba na kingine waya. Nikaiambia miguu.

"Ulisema unataka nafasi?"

Spana ikaanguka. "Nani, mimi? Wewe ndiye uliyesema."

"Sikusema."

"Afisa alikuja hapa, akakaa pale kwenye ngazi. Akasema umeomba. Kwamba nazungumza mno, unachoka, unaona haya kuniambia."

"Unazungumza mno," nikasema. "Sijachoka."

Akajivuta nje. Uso wake ulikuwa na mafuta upande mmoja, na alikuwa amekonda pia, mashavu yameingia ndani. Hakunitazama, alitazama ukuta, na mimi nikatazama ukuta ule ule.

"Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyeomba," nikasema. "Yote yameandikwa. Nimeyasoma sasa hivi."

Akaokota spana yake. "Wiki sita," akasema. "Nimekaa hapa wiki sita nikirudia siku moja moja nyuma, natafuta ni ipi niliyokuchosha. Nikaamua ni ile niliyokusimulia habari za gasketi, mipira ya kuzibia mabomba."

"Ile ya gasketi ilikuwa nzuri."

"Sawa," akasema. Akafuta mikono. "Sawa. Twende juu."

Nimeona watu wengine wakigombanishwa na uongo. Wanahitaji machozi, wapatanishi, na wiki nzima ya kununiana. Sisi tulikuwa tumemaliza. Kilichobaki kilikuwa ni kwa afisa.

Afisa alitukaribisha viti. Hatukukaa. Nilimwambia nimesoma jalada, nikamsomea maneno yake kutoka kichwani, mstari kwa mstari. Hakukana. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba hakuona cha kukana.

"Naelewa mna hisia," akasema. "Lakini tazameni kwa upana. Wataalamu wanatuambia watu wenye changamoto zinazofanana wakikaa wenyewe kwa wenyewe hawakui. Wanajifungia. Nyuma ya boila, hamtazamani, hamzungumzi. Ule si urafiki, ni watu wawili wapweke waliokaa karibu."

"Mimi nina changamoto gani?" Fundi akauliza.

Afisa akaanza kupanga karatasi zake.

"Hapana, sema," Fundi akasema. "Umeniandika kwenye jalada la mtu. Nataka kujua ninaumwa nini."

"Tulidanganywa," nikasema. "Ulimdanganya yeye na ukanidanganya mimi, na ulijua tutaamini. Ungemdanganya dada wa mapokezi angekuja kukuuliza mara mbili. Sisi ulijua hatutauliza."

"Ilikuwa kwa nia njema, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Nataka kutoka kwenye mpango."

"Bila shaka, ni hiari." Akavuta droo. "Lakini aliyetia sahihi ni mlezi wako. Ili utoke, dada yako aje atie sahihi. Utaratibu unataka mtu anayeweza, nisemeje, kupima mambo."

Nilisikia Fundi akivuta pumzi ili apige kelele. Nikamwambia asipige. Nikachukua nakala ya barua yangu yenye muhuri aliyoitoa kwenye droo, nikaikunja mara mbili, nikaitia mfukoni. "Sawa," nikasema, na tukatoka.

Kuna kitu afisa yule hakujua, kwa sababu hakuwahi kushuka chumba cha kufulia zaidi ya siku ya bango. Kila asubuhi, saa moja na nusu, pakiti za nguo na vitambaa vya chumba cha upasuaji zinapelekwa kuchemshwa zife vijidudu, na hazitoki kwetu mpaka mtu mmoja avikague vyote juu ya taa, kitambaa kimoja kimoja, kuhakikisha hakuna tundu hata la ncha ya pini wala uzi unaoweza kubaki tumboni mwa mtu. Halafu anatia sahihi. Kwa miaka saba mtu huyo ni mimi. Madaktari wa upasuaji wanawapasua watu matumbo kwa kuamini jina langu kwenye karatasi.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili na nusu. Pakiti za dharura nilikuwa nimezikagua na kuzisaini tangu Ijumaa asubuhi, na zilikwisha kwenda. Nilihakikisha hilo kwanza, sikutaka mtu afe kwa hasira yangu. Kisha nikakagua za siku ile, pakiti kumi na nane. Zote zilikuwa safi. Nikazipanga kwenye mkokoteni, nikaweka karatasi juu, nikaweka kalamu juu ya karatasi, nikakaa.

"Sindano, tia sahihi," msimamizi akasema. "Wanasubiri."

"Siwezi. Ofisi imesema siwezi kupima mambo. Anayenisainia ni dada yangu mkubwa. Apigiwe simu aje akague."

Msimamizi alicheka, halafu akaona sicheki. Akasema nisilete mchezo. Nikampa barua, nikamwonyesha mstari wa mlezi. Akaisoma akisogeza midomo. Msimamizi huyo alikuwa amenipuuza kuhusu mashine namba tatu, na kuhusu mambo mengine mengi, lakini asubuhi ile aliitazama sahihi ya dada yangu, akanitazama mimi, na nikaona shingo yake inatuna.

"Saba," akasema. "Miaka saba." Akanyanyua simu ya ukutani mwenyewe.

Saa mbili na dakika tano akashuka sista mkuu wa chumba cha upasuaji, kofia kichwani, viatu vya mpira. Ni mtu mfupi anayeogopwa na madaktari. Akauliza nani amezuia nguo zake. Nikasema ni mimi, na nikamweleza sababu kwa sentensi nne, nilikuwa nimezipanga wikendi nzima. Akasoma barua. Akageuza nyuma kuona kama kuna mzaha umeandikwa huko.

"Vitambaa hivi ni salama?" akaniuliza.

"Ni salama. Lakini neno langu halifai, kwa hiyo usinisikilize."

"Nani ameuandika upuuzi huu?"

Fundi, ambaye alikuwa amesimama karibu na mashine akijifanya anakaza skrubu, akamwelekeza ghorofa na mlango.

Sijui sista alisema nini huko juu. Najua tu kwamba baada ya dakika kumi na tano afisa alishuka ngazi mwenyewe, akiwa na fomu na muhuri mkononi, na sauti yake haikuwa ya pamba tena. Fomu ilikuwa ya kujitoa. Mstari wa mlezi ulikuwa umekatwa kwa kalamu. Nikatia sahihi yangu, yeye akagonga muhuri juu ya cherehani yangu kwa sababu hapakuwa na meza nyingine. Halafu nikasaini pakiti kumi na nane. Upasuaji wa kwanza ulichelewa dakika arobaini. Alikuwa mgonjwa wa henia. Nilikwenda wodini kuuliza habari zake kesho yake, na alikuwa analalamika kuhusu mto, kwa hiyo alikuwa mzima.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo mimi na Fundi tuliletewa barua za onyo, za kuvuruga kazi. Yangu waliniambia nisaini kwamba nimeipokea. Hakuna aliyeuliza kama naweza kupima mambo.

Mpango wenyewe haukufa. Unaendelea mpaka leo. Mpishi mmoja wa kantini, mzee asiyesikia vizuri, amepewa rafiki anayempigia kelele sikioni kila Alhamisi. Nilimuuliza mzee kama alitia sahihi mwenyewe. Hakunisikia, au alisikia na hakutaka shari. Nitamuuliza tena kwa maandishi.

Dada wa mapokezi alikuja siku ya Jumatano, akasimama mbele ya cherehani akiwa ameshika ile kalamu yake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mimi sikujua lile la Fundi," akasema. "Ukurasa ule sikuwahi kuufungua. Niliambiwa tu nijaze."

"Ulijaza kwamba nilivumilia kuguswa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua sipendi."

Alilia pale, mbele ya mashuka. Akasema kwamba yeye mwenyewe hana mtu wa kula naye, kwamba alijitolea kwa sababu hiyo, kwamba watu wa mapokezi wanaongea na kila mtu na hawana hata mmoja. Niliamini, kwa sababu nilikwisha sema, naamini ninachoambiwa. Lakini sikumwambia ni sawa, maana haikuwa sawa. Nilimwambia akija siku nyingine asije na kalamu. Hajaja bado.

Jumatatu ile jioni, nilipofika nyumbani, jua lilikuwa bado dirishani na dada alikuwa ananisubiri kwenye kochi, mkoba mapajani kama mtu wa safari. Hospitali walikuwa wamempigia simu kazini kwake.

"Umeniaibisha," akasema. "Unazuia upasuaji? Wewe? Watu wamelala pale mezani?"

"Hakuna aliyekuwa mezani. Nilihakikisha."

"Yule mama alitaka kukusaidia."

"Alitaka ruhusa ya kumwondoa Fundi, na wewe ukampa. Ulijua watatudanganya?"

Akavuta mkanda wa mkoba. Dada yangu akitaka kusema uongo huvuta kitu. Nilimwona akiuacha mkanda. "Nilijua," akasema. "Alinieleza. Nikaona afadhali uumie kidogo."

"Nilipungua kilo saba."

"Nilidhani..." Akaanza kulia, na akasema lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya msiba wa mama. "Mimi na shemeji yako tutazeeka. Siku moja sipo. Utabaki na nani, mdogo wangu? Na mwanamke mchafu wa grisi asiye hata na simu?"

"Nilikuwa na mtu," nikasema. "Hukuhitaji kufa ili ujue nitabaki na nani. Ungeniuliza. Ungekuja siku moja nyuma ya boila ukaangalia. Miaka minne, dada, hukuwahi kuuliza nakula na nani. Siku ya kwanza kujua nina rafiki ndiyo siku uliyosaini aondolewe."

Alinyoosha mikono nimkumbatie, kama tulivyofanya mama alipofariki. Sikwenda. Si kwamba sikumhurumia. Nilimhurumia, na hasira ilikuwa palepale, na mtu akiwa na vyote viwili mikono haijui iende wapi. Nikaenda jikoni nikachemsha mayai mawili, nikala yote, nimesimama.

Tangu siku hiyo dada anajitahidi. Amefuta kwenye simu yake picha ile ya bango na hongera zake zote. Mgeni akiuliza kama nanywa chai, anasema, muulize mwenyewe. Mara mbili ameniomba nimlete Fundi nyumbani, na mara mbili nimesema hapana, kwa sababu Fundi hapendi nyumba za watu na mimi sijawa tayari kumwona dada yangu akimchunguza kucha.

Asubuhi moja, nilipokuwa navaa viatu, alisimama mlangoni mwa chumba changu. Alibisha hodi kwanza, jambo ambalo ni jipya.

"Utanikasirikia mpaka lini?" akauliza.

Lilikuwa swali, na lilihitaji jibu, kwa hiyo nilifikiria vizuri, kiatu kimoja mkononi.

"Sijui," nikasema. "Nikimaliza nitakwambia."

Nikavaa kiatu cha pili, nikaenda kazini.